Meli Yenye Pua

"—haina moshi! Jamani, tazameni bomba lenyewe, halina moshi hata wa sigara!"

Saumu Mhando alikuwa amepanda juu ya kiti, kiatu kimoja mguuni, kingine hakijulikani kilipo, darubini imeganda machoni. Kule nje, karibu na boya la kwanza, MV Mapambazuko ilikuwa inaingia Tanga imesheheni makontena mpaka unashangaa inaelea na nini, na juu ya bomba lake kulikuwa na hewa tupu inayotetemeka kwa joto. Basi. Hakuna wingu jeusi, hakuna masizi, hakuna chochote cha kufuta kwenye nguo zilizoanikwa Raskazone.

"Shuka kwenye kiti cha serikali," alisema Shemboza, mwenzake wa zamu pale kwenye mnara wa kuongozea meli, akitafuna muhogo wa kuchoma. "Imetoka Mahajanga haina moshi, imepita Mutsamudu haina moshi. Ulitaka ikifika kwetu ndiyo ianze?"

"Wewe huna furaha mwilini."

"Ninayo. Naitunza ya mwisho wa mwezi."

Saumu alicheka, akashuka, akapanda tena. Angetulia vipi? Chuoni waliwahi kuonyeshwa chupa ya yale mafuta ya meli ya zamani, imewekwa kwenye kabati la vioo kama fuvu la mtu. Mazito kama lami. Mwalimu akafungua kizibo akawaambia wanuse, nusu ya darasa ikatoka nje. Eti meli zote za makontena duniani zilikuwa zinaunguza uchafu ule, mchana na usiku, ili watu wapate viatu na friji. Na leo meli kubwa kama mtaa mzima inaingia Tanga kwa amonia iliyopikwa hapo hapo Chongoleani, kwa hewa, maji na jua. Iliondoka na mafuta ya nyumbani, inarudi kuongeza ya nyumbani.

Na mpishi mkuu wa meli hiyo ni nani? Mjomba Mbwana! Mjomba wake mwenyewe, kaka wa mama yake, tumbo moja! Mtaa wote wa Chumbageni ulikuwa na habari, maana mama yake Saumu alihakikisha. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameshapiga simu mnarani, namba ambayo ni ya dharura tu.

"Mama, hii siyo simu ya kuongea."

"Siongei. Nasema tu umwambie Mbwana asisahau mzigo wangu."

Saumu alikuwa bado anatabasamu akiukumbuka huo mzigo, hata hajui ni mzigo gani, pale ukuta mzima wa skrini mbele yake ulipogeuka mwekundu.

Pua imelia.

Kila meli ya amonia ina pua zake, vidude vidogo kama vifungo vya koti, vimebandikwa ndani ya bomba la moshi na kila sehemu ambayo hewa inapita. Pua za kwenye bomba zinanusa moshi. Pua za ndani zinanusa gesi, kwa sababu amonia ina ubaya mmoja tu lakini ni mkubwa: ikitoroka kabla haijaungua, inaua. Na pua hazina siri. Kinachonuswa Mapambazuko kinasomwa wakati huo huo Tanga, Durban, Colombo na kila bandari iliyotia sahihi mkataba, na hakuna mkono wa kukifuta.

AMONIA, CHUMBA CHA FENI, ndivyo ukuta ulivyosema.

"Mnara, hapa Mapambazuko." Sauti ya Kapteni Ngwali ilikuwa imetulia kwa nguvu, kama mtu anayebeba chungu cha moto. "Mmeona?"

"Tumeona, Kapteni. Watu wako wapi?"

"Wamevaa barakoa, wako chumba salama. Wote, isipokuwa mpishi."

Saumu aliivuta redio karibu na mdomo. "Mpishi yuko wapi?"

"Kakimbilia chini, mama. Nimemwita hakusikia. Sijui kafuata nini huko."

Muhogo ulimwanguka Shemboza.

"Zima amonia," Saumu alisema.

"Nazima. Lakini niko mlangoni kabisa, mwamba kushoto na mwamba kulia, na matagi yenu ya kuvuta meli ndiyo kwanza yanawasha injini. Nikibaki bila injini, mkondo unanipeleka juu ya mawe na hiyo amonia yote tumboni. Nataka dizeli, Bi Saumu. Nipe ufunguo."

Huo ufunguo ulikuwa ukutani, ndani ya kioo. Tangi la akiba la dizeli lilifungwa kwa kufuli mbili, moja ya kapteni na moja ya mnara, kwa sababu zamani manahodha wengine walikuwa wakifika bahari kuu wanaunguza uchafu kimya kimya, wakikaribia watu wanajifanya wasafi. Sasa huwezi peke yako. Na ukifungua, pua ya bomba inanusa masizi, dunia nzima inajua, na meli inaitwa kwenye Baraza la Moshi kujieleza.

"Subiri nipige makao makuu," Shemboza alisema, simu imeshateleza mikononi mara mbili. "Saumu, hii ni safari ya kwanza. Ya kwanza! Watu wa magazeti wako chini wanakula sambusa. Subiri—"

Saumu alivunja kioo kwa kile kiatu kimoja alichobaki nacho, akazungusha ufunguo.

Haikuchukua muda. Bomba lilikohoa, kisha moshi mweusi ukapanda juu ya Tanga, mnene, ukajikunjua polepole kwenye ile mbingu safi. Meli ilisogea. Ilipita katikati ya miamba sawasawa. Chini barabarani mtu alipiga kelele kwamba gesi imevuja, na mwingine akaichukua, na mwingine, mpaka ikawa ni mji mzima unapiga kelele.

"Mnara," ilisema redio. "Mpishi kapatikana. Mzima. Anakohoa tu."

Hapo ndipo Saumu alipokaa chini sakafuni akalia kama mtoto, huku Shemboza akimpepea kwa sahani ya muhogo.

*

Yeye ndiye aliyepelekwa kukagua, kwa sababu aliyezungusha ufunguo ndiye anayetoa ushahidi. Ndiyo sheria. Alipanda ngazi ya Mapambazuko jua likiwa bado kali, meli imetia nanga mbali na gati, pua ya mkononi, ile ya kukagulia, imening'inia shingoni. Kapteni Ngwali, Mpemba mfupi mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, alimtembeza mwenyewe.

Mabomba ya amonia yana kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na katikati feni zinavuta hewa mfululizo ili kama tone limetoroka linaswe. Saumu alipitisha pua kwenye kila kiungo. Kimya. Kwenye kila vali. Kimya. Alilala chali chini ya tangi, akatoka na grisi kwenye mtandio. Kimya.

"Haiwezekani," alisema kapteni.

Chumba cha feni chenyewe kilikuwa kikavu, kina joto zuri, upepo unapita bila kukatika. Hapo pua ya mkononi ilitoa mlio mwembamba, kama mbu, kisha ikanyamaza. Saumu alisimama. Akafanya jambo ambalo mwalimu wake angemfukuza darasani: akashusha barakoa, akavuta hewa kidogo.

Ilichoma puani, ndiyo. Lakini chini ya ule mchomo kulikuwa na chumvi. Na chini ya chumvi kulikuwa na jiko la mama yake siku ya Ijumaa.

Aliangalia juu. Kwenye mabano ya bomba kulikuwa na vipande vya kamba ya manila, vimekatwa kwa haraka.

"Kapteni," alisema taratibu, "stoo ya jikoni iko wapi?"

Mjomba Mbwana alikuwa amesimama mlangoni pa stoo, aproni nyeupe, macho mekundu, mikono nyuma. Alipomwona mpwa wake alifungua tabasamu likakataa kufunguka lote.

"Saumu mwanangu! Umekonda. Nikupikie chai?"

"Mjomba, sogea."

"Humu mna vitunguu tu."

Pua ya mkononi ililia mpaka kapteni akaziba masikio. Saumu alisukuma gunia la vitunguu, na nyuma yake, amefungwa kwenye shuka la meli, alikuwepo papa. Papa mzima, amepasuliwa, ametiwa chumvi, nusu mbichi nusu mkavu, ananuka vile anavyopaswa kunuka.

Mahali fulani kifuniko cha sufuria kilikuwa kinacheza.

"Mama yako aliniagiza," Mjomba Mbwana alisema hatimaye. "Nilimnunua Mutsamudu. Juu sitahani mvua, jikoni moshi, nikamwanika wapi? Pale kuna joto na upepo, nikasema hiki chumba kimejengwa kwa ajili ya papa. Siku mbili hakikulia kitu! Leo ndiyo kakolea."

"Na gesi imelia, watu wanavaa barakoa, wewe unakimbilia chini kuokoa samaki?"

"Nilijua ni yeye! Nikasema nikimtoa, itanyamaza."

Saumu alitaka kucheka, akashindwa, akataka kumpiga, akashindwa vilevile. Alilijua somo hilo. Nyama ya papa ina ule uchumvi wa mkojo ndani yake, na akishakufa unageuka amonia. Amonia ile ile ya kwenye tangi, kiasi kidogo tu. Pua haikudanganya. Ilinusa amonia kweli. Ila ilifundishwa kazi kwenye maabara ya nchi ya baridi, ambako hakuna mtu aliyewahi kumwanikia papa, kwa hiyo haikuwa na sababu ya kufikiria mwingine zaidi ya bomba.

Kapteni Ngwali aliufunga mlango wa stoo. Alipogeuka, sauti ilikuwa ya mtu aliyezeeka tangu asubuhi.

"Sikiliza, Bi Saumu. Dizeli kwa sababu ya uvujaji, Baraza linasamehe. Dizeli kwa sababu ya uzembe, meli inafungiwa bandari zote, na mzembe anachaniwa kadi ya ubaharia, maisha. Nina vijana ishirini humu. Hawajafanya kosa." Akasogea karibu. "Sema kiungo kimoja kilivuja kidogo. Tumekikaza. Nani atabisha?"

"Mjomba?" Saumu alimgeukia, akitumaini sijui nini.

Mjomba Mbwana alikuwa amevua aproni, anaikunja, anaikunjua. "Mimi sijui kazi nyingine. Nimeingia baharini kabla hujazaliwa. Ulipokuwa mdogo, nani alikuwa anakubeba begani kukupeleka shule mvua ikinyesha? Neno moja tu, mwanangu. Kiungo. Chuma hakina mke wala watoto, hakitaumia."

Hilo ndilo lililomuuma. Lilikuwa kweli. Lingekuwa jepesi mno.

Wakati mashua inamrudisha ufukweni, aliona watu wamejaa kwenye geti la matangi ya Chongoleani, wana mabango, wana watoto mgongoni. FUNGENI SUMU HII. Miaka mitatu mji ulikuwa umegawanyika juu ya amonia, na leo nusu iliyoiogopa ilikuwa imepata moshi wa kuuonyesha kidole. Akisema kiungo kimevuja, matangi yatafungwa kesho. Meli zenye viungo kama hivyo zitavunjwa vunjwa kutafuta ugonjwa ambao haupo. Na zile nyingine zilizokuwa zinasubiri kuona Mapambazuko itafikaje, zitarudi kwenye uchafu wa ile chupa ya kabatini.

Na akisema papa, Mjomba Mbwana hatapanda meli tena.

Mama yake alipiga simu. Hakuipokea.

*

Baraza la Moshi lilikaa kesho yake asubuhi kwenye ukumbi wa bandari, vipaza sauti vimefungwa hadi nje ili mji usikie wenyewe. Mwenyekiti alikuwa Bi Nakijwa Mmbaga, Mpare wa milimani, miwani puani na kikohozi cha kuonya badala ya kengele. Mbele yake waliweka pua ya akiba ya meli kwenye kitambaa cheupe.

"Saumu Mhando. Wewe ndiye uliyefungua dizeli?"

"Ni mimi."

"Sababu?"

"Pua ilinusa amonia, meli ilikuwa kati ya miamba, na kulikuwa na watu ndani."

"Amonia hiyo ilitoka wapi?"

Mjomba Mbwana alikuwa safu ya pili, kanzu iliyopigwa pasi, kofia magotini. Hakumtazama. Alikuwa anatazama kofia kama vile ndiyo itakayojibu. Nje, umati ulisogea karibu na vipaza sauti.

Saumu alifungua mdomo. Alilisikia lile neno, kiungo, limeshafika kwenye meno.

"Ilitoka kwa papa," alisema. "Samaki. Alianikwa chumba cha feni. Mabomba hayana hata tundu, nimeyapapasa yote mwenyewe. Na aliyemwanika ni mjomba wangu, Mbwana Kilua, aliyenibeba begani mpaka nikajua kusoma, na aliyemwagiza ni mama yangu." Akaigeukia meza ya Mwenyekiti. "Lakini pua ililia na tukaitii, Bi Mwenyekiti. Tungefanya nini? Tungeanza kubishana nayo?"

Bi Nakijwa alivua miwani. "Samaki?"

"Papa mkavu."

"Huko kwetu samaki anatoka bwawa la Nyumba ya Mungu na hanuki namna hiyo. Unataka niamini samaki amezimisha meli?"

"Aletwe," Saumu alisema.

Akaletwa kutoka melini. Shemboza ndiye aliyembeba, kwa mikono iliyonyooka, uso ameugeuzia pembeni. Alimfikisha nusu ya ukumbi tu. Pua ya akiba ikalia pale mezani, ikalia mpaka ikatetemeka na kitambaa chake, watu wa magazeti wakarukia barakoa zao, mmoja akaruka dirisha. Bi Nakijwa alisimama, machozi yanamtoka, akakohoa kile kikohozi cha kweli kabisa.

"Mtoeni! Nimeamini! Mtoeni!"

Nje, mwanamke mmoja alianza kucheka. Kicheko chembamba, cha juu. Kikamwambukiza wa pembeni, kikapita getini, kikashuka barabara, mpaka ule mji ulioshinda na hofu tangu jana ukawa unajishika mbavu. "Ni papa!" walikuwa wanapokezana. "Tumemkimbia papa!" Kuna bango Saumu aliliona likishushwa, mwenye nalo akajipepea nalo.

Bi Nakijwa alinywa maji. Alisubiri. Aliposema, hakupaza sauti.

"Meli iliyoitii pua haiwezi kuadhibiwa kwa utii. Tukianza hivyo, kesho kapteni atasikia kengele akafikiria kwanza adhabu, ndipo afikirie watu. Moshi utaandikwa kuwa ni wa tahadhari. Mapambazuko haifungiwi." Kapteni Ngwali aliinamisha uso mikononi. "Mpishi."

Mjomba Mbwana alisimama. Kofia ikaanguka.

"Wewe ni mzembe wa kuokoa samaki ukaacha roho. Kwa hilo utakaa nchi kavu safari moja. Kadi yako siichani." Akainua kidole kabla watu hawajapiga makofi. "Hukai bure. Pua hizi zilifundishwa na watu wasiotujua. Utakuwa unaniletea hapa kila kinachonuka pwani hii. Papa, ng'onda, uduvi, sijui nini tena mnakula. Zijifunze."

"Na dagaa wa kuvunda?" Mjomba Mbwana aliuliza, kwa adabu zote.

"Mungu wangu. Na hao."

Ukumbi ulipasuka. Mjomba alivuka viti, hakuzunguka, akamfikia Saumu akamshika kichwa kwa mikono miwili inayonuka vitunguu. "Umenichoma," alimnong'oneza, analia anacheka. "Umenichoma mbele ya mji mzima, we mtoto. Jana nilikuwa siwezi hata kumeza. Leo nina njaa."

Lakini watu walipokuwa wanatoka, Bi Nakijwa alimwita Saumu pembeni, hana tena uso wa mzaha.

"Pua ikishafundishwa kumsamehe papa," alisema, "siku gesi ya kweli itakapovuja na samaki yuko pale pale, itamsamehe nani?"

Saumu alikuwa ameshaliwaza hilo. Usiku wote alikuwa ameliwaza.

"Isisamehe," alijibu. "Ijifunze kutofautisha. Papa ana harufu nyingine zaidi ya amonia, gesi ya bomba haina. Na ikiwa na shaka, ilie."

Mwenyekiti alivaa tena miwani. Kisha akasema jambo ambalo lilimfanya Saumu asahau kiatu, mkoba na Shemboza, akatoka mbio hadi kwenye ngazi za bandari kupiga simu.

*

"Mama! Hajafukuzwa! Meli haijafungiwa! Matangi hayafungwi, watu wanacheka huku barabarani, Mama, wanacheka tu!"

"Najua. Redio imenitaja." Kijiko kiligonga sufuria kule kwake. "Imenitaja kwamba nimeagiza papa."

"Mama, ilibidi niseme."

"Ulisema vizuri. Mbwana yuko wapi?"

"Yuko hapa, ameshapata mishikaki. Anakusalimia."

"Mwambie nitamsalimia akifika." Mama alivuta pumzi, na kwenye hiyo pumzi Saumu alisikia kwamba naye alikuwa amekesha. "Haya. Na papa wangu?"

"Ameshikiliwa, Mama. Yuko kwenye sanduku la kioo, ana muhuri wa Baraza."

"Muhuri! Na nazi nimeshakuna!"

Saumu alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Mbele yake Mapambazuko ilikuwa inasogea gatini, imerudi kwenye amonia, na juu ya bomba lake hewa ilikuwa inatetemeka, tupu, mbingu yote inaonekana.

"Mama, kuna jingine. Bi Nakijwa kaniambia kitu. Mimi ndiye nitakayezifundisha pua, kaniambia na wapi, na niondoke na meli gani—"

"Uondoke? Saumu! Uondoke uende wapi?"

Honi ya Mapambazuko ililia, ndefu, ikafunika kila kitu, na Mjomba Mbwana akawa anamvuta mkono kwamba mishikaki inapoa.

"Kesho, Mama!" alipiga kelele juu ya ile honi. "Pika hiyo nazi na chochote ulicho nacho, tunakuja wote. Kesho nakaa jikoni nakumalizia lote, neno kwa neno, naapa!"